Pikipiki iliyoundwa upya Texas: njia ipi ya kupata hati ya umiliki ina unafuu?

SpanaNamba13
Wakuu, tulinganishe njia za kupata hati kwa sisi tulioko Texas. Mfano wa kufanyia kazi: Honda CB750 ya 1978, fremu ina namba yake, injini imetoka kwenye pikipiki nyingine, na karatasi iliyopo ni mkataba wa mauziano tu. Njia zinazotajwa ni kumtafuta mwenye jina kwenye rekodi, kuomba hati yenye dhamana, au kuhamishia vipuri kwenye fremu mpya. Ipi ina gharama ndogo, na kila moja hukwama wapi?

MamaKabureta
Kabla ya njia yoyote, ijulikane kwanza hiyo fremu ni ya nani. Pikipiki hii kisheria ni fremu yake. Injini ni kipuri, ingawa nayo ina namba na risiti yake itunzwe.

Namba za chesisi zenye herufi na tarakimu 17 zilianza na magari na pikipiki za mwaka 1981. Ya 1978 ni fupi, kwa hiyo tovuti nyingi za ukaguzi zitaikataa. Kama haimo kwenye rekodi za Texas, tafuta askari mpelelezi wa wizi wa magari aikague na kujaza fomu VTR-68-A. Fanya hivyo kabla ya kununua hata tairi. Ikibainika iliibwa inachukuliwa, na pesa ulizoweka kwenye rangi na kromu zinakwenda nayo.

Tena nawasihi wanaopeleka fremu kupigwa mchanga na kupakwa rangi ya unga: piga picha namba iliyo shingoni mwa fremu kwa karibu, kisha iwekewe utepe unaostahimili joto la tanuri. Rangi nene ikiijaza namba, mkaguzi haisomi. Fundi akiisaga ili shingo iwe laini, umeingia kwenye jinai. Sheria ya shirikisho, kifungu cha 511 cha juzuu ya 18, inampa anayeifuta namba kwa makusudi hadi miaka 5 jela. Kile kibati cha namba nacho msikitoe.

Juma_Houston
Njia ya kwanza ndiyo nafuu, na watu huiacha mapema mno. Mwenye jina kwenye rekodi anajaza VTR-34 na kupata nakala iliyothibitishwa: dola 2 kwa posta, dola 5.45 akienda mwenyewe ofisi ya kanda ya TxDMV, idara ya magari ya Texas. Anakusainia nyuma, nawe unapeleka fomu 130-U ya kuomba hati kwa mkusanya kodi wa kaunti. Hapo kuna kodi ya mauzo asilimia 6.25 na ada ya hati dola 28 au 33 kutegemea kaunti.

Inakwama pale aliyekuuzia hakuwahi kuihamishia jina lake. Saini yake haina nguvu. Anayetakiwa ni yule aliyeko kwenye rekodi, hata kama aliiuza miaka 20 iliyopita. Kikwazo cha pili ni deni la benki. Kama liliandikwa chini ya miaka 10 iliyopita, unahitaji barua halisi ya benki kwamba limefutwa.

Fundi Kiswagaswaga
Hati yenye dhamana ndiyo itakayomfaa Spana, iwapo mwenye rekodi hatapatikana. Lazima uwe mkazi wa Texas au mwanajeshi aliyepangiwa huko, na pikipiki iwe mikononi mwako. Unajaza VTR-130-SOF, unaambatanisha ushahidi wa umiliki ulio nao, unalipa dola 15 ofisi ya kanda. Wakikubali wanakupa barua inayotaja kiasi cha dhamana, ambacho ni thamani ya pikipiki mara moja na nusu.

Kwa chombo cha miaka 25 au zaidi unaruhusiwa kuleta tathmini, lakini ikitoka chini ya dola 4,000 wao huhesabu 4,000. Kwa hiyo Honda hii haitashuka chini ya dhamana ya dola 6,000. Usishtuke: hulipi 6,000. Unalipa ada ya kampuni ya dhamana, ambayo kwa kiasi hicho mara nyingi huwa kama dola 100. Ukishainunua una siku 30 za kuifikisha kaunti pamoja na 130-U.

Wengi hudhani dhamana hii ni bima yao. Siyo. Inamlinda mwenye haki ya zamani. Akijitokeza ndani ya miaka 3 na kuthibitisha dai lake, kampuni inamlipa, halafu inakugeukia wewe ikudai. Kwa sababu hiyo ukaguzi alioueleza MamaKabureta usirukwe.

Bi Mwanaidi
Na fremu mpya je? Naona viwanda vinauza fremu zenye cheti cha asili na namba 17 kamili.

Fundi Kiswagaswaga
Dada, hiyo ni safi kwa anayejenga kuanzia sifuri. Inahesabika pikipiki iliyounganishwa. Unahitaji cheti cha fremu, uthibitisho wa injini, risiti za vipuri vikubwa na fomu VTR-61, ya maelezo ya ujenzi. Mwaka wake utakuwa ule uliomaliza kuiunganisha, si 1978. Anayetaka Honda ya kale ibaki ya kale kwenye karatasi asiende huko. Cheti cha fremu kidai siku ya kununua. Muuzaji wa pili asiye nacho anakuuzia bomba tu.

Wenye Harley za kabla ya 1970 wasiige hesabu hii. Zile utambulisho wake uko kwenye injini. Ukibadili makasha ya injini umebadili pikipiki.

SpanaNamba13
Za mnada wa bima nazo?

MamaKabureta
Soma aina ya hati kwanza. Yenye alama ya ajali inatengenezeka: VTR-61 ikitaja kila kipuri kikubwa kilikotoka, ada ya dola 65 juu ya ile ya hati, na alama ya kujengwa upya inabaki daima. Iliyoandikwa haitengenezeki, au ya vipuri tu, hairudi barabarani hata uitengeneze vipi.

Juma_Houston
Kuna wanaokosa hati wakaandikisha kwa posta jimbo la Vermont; njia hiyo msiitegemee. Mwaka 2023 walikaza masharti kwa wasio wakazi.

Na anayetaka kuisafirisha Mombasa au Dar: Forodha ya Marekani inataka hati halisi na nakala saa 72 kabla ya kupakia melini. Mkataba wa mauziano peke yake hautoshi.

Fundi Kiswagaswaga
Spana, kwako naona hivi: askari aikague, mtafuteni mwenye rekodi, akikosekana dhamana. Peleka pia risiti ya ile injini na picha ya namba yake, maana mkaguzi ataiangalia hiyo nayo.