Tupeane uzoefu: madevelopa wa enzi za kulipia intaneti kwa saa, mlijifunzaje kuprogramu?

Fundi wa Sinza
Wakuu habari za muda huu. Juzi ofisini intaneti imekata kidogo tu, dogo mmoja kaacha kibodi kaenda zake kunywa chai, namuuliza vipi ananiambia bro siwezi kuendelea mpaka irudi. PHP, lugha anayoandikia tovuti, iko kwenye mashine yake, databesi iko kwenye mashine yake, sasa intaneti ya nini?? Nikabaki nacheka peke yangu.

Maana sisi kitabu chetu kilikuwa ile manyuali ya PHP ya CHM, zile faili za msaada za Windows. Faili moja tu, unaishusha kafe, unaitia kwenye flashi ya 128MB, unarudi nayo home unaisoma kama msahafu. Na utamu haukuwa kwenye maelezo yenyewe, utamu ulikuwa kule chini kwenye maoni ya watu, jamaa wa huko Ujerumani sijui Brazili kaandika "hii fankisheni usiitumie hivi, tumia hivi" na kipande chake cha kukopi. Mimi nimesomeshwa na wale jamaa nisiowajua. Kafe shilingi 500 kwa saa, kwa hiyo ukifika hakuna kusoma kitu, ni kusevu tu kurasa moja baada ya nyingine, utasoma ukifika nyumbani.

Haya wakongwe tiririkeni, na nyie wa juzi msione aibu.

Otis wa Eastlands
Huku Nairobi saiba ilikuwa bob moja kwa dakika na muda ukiisha skrini inajifunga hata kama uko katikati ya laini, hakuna huruma. Mimi nilikuwa naandika programu nzima kwa eksasaizi buku, kwa kalamu, nikifika saiba ni kutaipu tu na kurun. Ikikataa nakopi era kwa karatasi naenda kuifikiria kwa matatu.

Lakini wacha niwaambie kitu kilikuwa kinaniua zaidi, SSH kwa setilaiti, yaani kuendesha seva ya mbali kwa kuandika amri. Kabla SEACOM, ile waya ya intaneti ya chini ya bahari, kufika Mombasa na Dar Julai 2009 karibu kila kitu kilikuwa kinapanda kilomita elfu 36 huko juu halafu kishuke. Unabonyeza herufi, unangoja, ndio inatokea. Kwa vi, ile programu ya kuhariri maandishi, nilikuwa naandika amri yote bila kuona chochote, naondoa mikono kwa kibodi, halafu natazama inavyotokea herufi moja moja kama ni mtu mwingine anaandika. Ukikosea katikati huwezi jua mpaka iishe. Waya ilipoingia wiki za kwanza nilikuwa naping tu, kupima seva inajibu haraka aje, bila sababu manze.

Bint Semikoloni
Turbo C++, ile programu ya DOS ya kuandikia C++, mmeisahau?? Ile skrini ya bluu, mausi hata huigusi, Ctrl+F9 unarun, halafu programu inapita fasta inarudi kwenye bluu hujaona kitu. Darasa zima tunaangaliana. Lekchara wetu alikuwa anatuacha tuhangaike makusudi, mpaka mmoja agundue kwamba Alt+F5 ndio inaonyesha jibu, akigundua hasemi, anakaa nayo ili aonekane kipanga 😂 Baadaye ndo tukaletewa getch() mwishoni, ya kusubiri ubonyeze kitufe, na clrscr() mwanzoni, ya kusafisha skrini, tukawa tunaziweka kila mahali hata pasipohitajika. Nilipokuja kukutana na GCC, kompaila ya kwenye Linux, kila programu yangu ya chuo ilikataa kukompaili kwa sababu ya conio.h, faili yenye hizo getch na clrscr ambayo huko haipo.

Mzee wa Riboni
Nyie watoto mnaongelea CHM na bluu. Mimi nilianza na FoxPro ya DOS, programu ya databesi, mfumo wa mishahara, flopi 1.44MB, na printa ya doti matriksi inayolia ofisi nzima ijue leo ni tarehe ngapi. Ikianza kulia watu wanatoka vyumbani wanasimama mlangoni.

Na niwaambie, FoxPro ilikuwa na adabu. Ukisema DELETE haifuti, inaweka alama tu. Ukijuta unasema RECALL, rekodi inarudi kama vile hakikutokea kitu. Mpaka uandike PACK mwenyewe kwa mkono wako ndiyo inafuta kweli. Sasa nyie na SQL yenu mtu anasahau WHERE, ya kusema rekodi zipi zifutwe, mara moja meza nyeupe, anaanza kunipigia simu mimi.

Kaka Jembe
Mzee wa Riboni shikamoo kwanza 🙌 halafu tuhurumie, leo tuna bekapu.

Mzee wa Riboni
Marahaba. Mna bekapu, ila hakuna aliyewahi kujaribu kuirudisha.

Kaka Jembe
😶

Nokia Hadi Kufa
Mimi ni wa J2ME, Java ya simu za vitufe. Wale mliocheza gemu za jar kwenye Nokia hamjui waliozitengeneza walikuwa wanateseka namna gani. Nokia za Series 40 za mwanzo zilikuwa hazipokei jar, yaani faili la programu, inayozidi 64KB. Kilobaiti 64 wakuu! Leo picha ya profaili yako haiingii hapo. Nilikuwa na kaprogramu ka ratiba ya mitihani, nikaweka kalogo ka chuo kazuri, nikapita kikomo, simu inakataa kuinstoli inasema tu faili kubwa. Basi ndo unaanza kunyoa. Unapunguza rangi za PNG, unaunganisha klasi mbili ziwe moja ingawa mwalimu wa OOP, anayetaka kila kitu na klasi yake, angekulaani, unapitisha ProGuard ibadilishe majina yote yawe a, b, c, maana hata majina marefu ya klasi yanakula nafasi. Kila baiti tulikuwa tunaijua kwa jina. Siku hizi naona mtu kaanzisha projekti ya tovuti ya React hata hajaandika kitu, folda ya maktaba zake, node_modules, ina mamia ya MB, najikalia kimya.

Dada CSS
Nyote mlikuwa na raha. Njooni IE6, ile brauza ya zamani ya Microsoft.

Unadizaini ukurasa mzuri, Firefox safi kabisa, unafungua IE6 safu ya kulia imeshuka chini. Kisa? Ukiweka float left, kitu kiegemee kushoto, na marjini ya kushoto, IE6 inaizidisha mara mbili. Dawa yake unaandika display:inline kwenye kitu kilekile kilichofloti, ambayo kwa sheria za CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, haifanyi kitu chochote, lakini IE6 inatulia. Kwa nini? Usiulize. Nimewahi kufundisha watu hiyo dawa kwa miaka bila mtu kuniuliza sababu. Na mteja lazima awe anatumia IE6, huo ulikuwa ndo utaratibu wa dunia, bosi wa mteja ana Windows XP ya zamani na huko ofisini kwao hawataki kuigusa.

Kabla ya hapo tulikuwa tunapanga ukurasa kwa meza ndani ya meza ndani ya meza, na picha ya pikseli moja isiyoonekana ya kusukumia nafasi. Sitaki kusema umri wangu.

Mchawi wa Darajani
Nyie wa bara mnalalamikia intaneti, sie Zanzibar kuna kipindi hata umeme hapakuwa. Ile ya Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima kiza. Jenereta zinanguruma kila duka, na mafuta ghali. Mie laptopu yangu betri ilikuwa inashika kama saa moja na nusu, basi mchana kutwa naandika kwenye karatasi, jioni nakwenda kwa ami yangu mwenye jenereta dukani, nachaji, nataipu, naondoka. Wallahi sijapata kuandika programu safi kama miezi ile, kwa kuwa kila mstari ushaufikiri mara kumi kabla hujawasha mashine. Umeme uliporudi na uvivu ukarudi.

Atikomandi
Mimi nilikuwa na mfumo wa bei za mazao kwa SMS, seva yake ni Nokia na kebo. Sitanii. Simu imechomekwa kwenye kompyuta, programu inaongea nayo kwa AT komandi, amri za kuongoza modemu, AT+CMGF=1 kwanza ili isome maandishi, meseji ikiingia tunaisoma, tunatafuta bei, tunajibu ndani ya herufi 160. Ikawa inafanya kazi asubuhi, mchana inakufa. Kumbe laini ikijaa meseji simu haipokei tena, na hizo laini zilikuwa zinabeba chache tu, kwa hiyo baada ya kusoma lazima uifute na AT+CMGD. Baada ya hapo ikakaa vizuri, shida ikabaki moja, watu walikuwa wanaipigia simu kabisa waongee nayo. Unaona inaita juu ya meza, mkulima anataka kubishana bei ya mahindi.

Bint Semikoloni
Nimecheka mpaka mtoto kaamka 😂😂 "inaita juu ya meza"

Kaka Jembe
Mmesahau virusi vya flashi. Dabo kliki ilikuwa haramu, unabonyeza kulia unachagua Explore, maana ndani kuna autorun.inf, faili ya kuwasha kirusi chenyewe, inakusubiri. Na folda zako zote zimefichwa, zimebaki shotikati tu.

Fundi wa Sinza
Sasa hapo Kaka Jembe umegusa jambo, kuna shangazi hapa stationari kaniletea flashi ina mambo hayohayo leo leo, picha za harusi hazionekani. Ile amri ilikuwaje?

Mzee wa Riboni
Fungua CMD, lile dirisha la amri la Windows, nenda kwenye herufi ya flashi, andika
attrib -h -r -s /s /d *.*
Shotikati zote futa.

Fundi wa Sinza
Mzee picha zimerudi zote, shangazi anauliza bei gani.

Mzee wa Riboni
Mwambie aniletee riboni ya Epson.