Mtafsiri kamzika Anarkali kabla Akbar hajatoa hukumu!

Wakuu, nimetoka banda la video sasa hivi, mikono inatetemeka kwa hasira. Simtaji. Mnamjua, sauti yake inasikika kuanzia Tandika hadi Gongo la Mboto. Safari hii kaigusa Mughal-e-Azam, ile muvi ya Kihindi. Ya 1960! Ya Madhubala na Dilip Kumar!

Vita kavitangaza kama mpira, nikavumilia. Mfalme Akbar kamwita "baba mwenye nyumba", nikavumilia. Tukafika Sheesh Mahal, ule ukumbi wa vioo. Muvi ilikuwa nyeusi na nyeupe, ghafla rangi zinalipuka, Anarkali, mnenguaji wa ikulu, anamwambia mfalme usoni kwamba aliyependa haogopi. Sauti ya mwimbaji Lata Mangeshkar inapanda. Akbar anainua macho, vioo vya dari vyote vimejaa Anarkali. Hapo hapo kiumbe huyu anapayuka: "Kwa flashi za muvi mpya, nicheki kwa namba hiyo chini!"

JUU YA SAUTI YA LATA!

Mwongozaji K. Asif kaihangaikia muvi hii zaidi ya miaka kumi. Dari zima Anarkali, mfalme kaishiwa nguvu, yeye anauza flashi! Huyu hata akhera atatafsiri maswali ya kaburini huku anatangaza ofa.

Kiberiti_Kikavu: Mkuu, umelipa mia tano unataka na Lata?

Binti_Darajani: Pole kaka. Kwetu Unguja wimbo wa Kihindi ukianza hata mtoto mchanga ananyamazishwa.

Babu_Rivasi: Mimi aliniambia Salim na Akbar ni mtu na mdogo wake. Nimekaa hadi mwisho nashangaa mbona mdogo mtu anaita baba.

Mleta uzi: Babu, hiyo bado afadhali. Flashi! Kwenye vioo!

Anko_Zungu: Hayo madogo. Banda la kwetu wanakata muvi katikati wanaweka mechi.

Kiberiti_Kikavu: Ya Yanga? Basi walifanya la maana.

Anko_Zungu: Ya Yanga gani, ya Ulaya huko! Na hela hawarudishi.

Mleta uzi: Jamani, tunamzungumzia LATA.

Binti_Darajani: Anko, si lile banda lenye mabenchi ya misumari?

Anko_Zungu: Lile lile.

Babu_Rivasi: Lilinichania suruali ya sikukuu. Mwenye banda anasema nilikuja nayo imechanika.

Kiberiti_Kikavu: Babu, mimi kanzu! Tuungane tumfuate kesho asubuhi, atulipe.