Neno "parade" huku Uingereza: maduka, gwaride au zefe?

Swali kutoka Leicester

Ndugu zangu, habari za siku. Nimehamia hapa mwezi uliopita, na neno moja la Kiingereza limenitatiza mara tatu. Mwenye nyumba aliniambia duka la dawa liko kwenye "parade", nami nikakaa nikisubiri bendi ipite. Shule ya mtoto nayo imeandika barua kuhusu "parade" ya Novemba. Sasa kamati yetu ya Maulidi inataka kutembea na dufu kutoka msikitini hadi ukumbini, na wengine wanasema tukaombe polisi kibali cha "parade". Je, kibali hicho kipo?

Jibu kutoka London

Kaka, karibu sana. Wengi wetu tulifika na tafsiri moja tu kichwani, yaani gwaride. Maana hiyo Waingereza wanayo: Horse Guards Parade hapa London ni uwanja, na kila Juni askari hupita pale kuadhimisha siku rasmi ya kuzaliwa ya mfalme. Lakini jina hilohilo hupewa safu ya maduka madogo ya mtaani, mara nyingi yenye makazi ghorofani, na ndipo duka lako la dawa lilipo. Barua ya shule, nadhani, inahusu Jumapili ya pili ya Novemba, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, ambapo skauti na wanajeshi wastaafu hutembea hadi kwenye mnara wa kumbukumbu. Na ukiletewa na polisi barua yenye maneno "identity parade", hilo ni gwaride la utambulisho, ambalo siku hizi hufanywa zaidi kwa video. Mtafute wakili kwanza.

Kuhusu Maulidi, sheria yenyewe haisemi "parade" bali "procession", yaani msafara, na tofauti hiyo ina uzito. Kifungu cha 11 cha Public Order Act ya mwaka 1986, kinachotumika Uingereza na Wales, kinamtaka mwandaaji awapelekee polisi taarifa ya maandishi siku 6 kamili kabla, akitaja tarehe, saa ya kuanza, njia itakayopitwa, na jina na anwani yake. Kifungu hicho kinahusu misafara ya kuunga mkono au kupinga jambo, ya kutangaza kampeni, na ya kuadhimisha tukio, na zefe lenu linaingia katika hili la mwisho. Unachopeleka ni taarifa, si ombi la kibali, ingawa polisi wanaweza kuweka masharti. Misafara iliyokwisha kuwa desturi ya eneo haihitaji taarifa, lakini kama huu ndio mwaka wenu wa kwanza msijifiche nyuma ya neno desturi. Msafara wa mazishi unaoendeshwa na kampuni ya mazishi katika kazi yake ya kawaida nao umesamehewa.

Mimi ningeshauri msilitafsiri zefe kwa neno lenye maana ya maandamano ya kupinga, kwa kuwa ofisa atakayesoma atawaza mabango na kelele. Andikeni wazi kwamba ni msafara wa kidini wenye dufu na kasida.

Jibu kutoka Belfast

Dada ameeleza vizuri, ila ndugu mlio Ireland ya Kaskazini msiichukue taarifa hiyo ya siku 6 mkaja nayo huku. Hapa "parade" ni neno zito, kwa sababu ya misafara ya Orange Order, chama cha Waprotestanti, hasa ya tarehe 12 Julai inayokumbuka vita vya Boyne vya mwaka 1690, na njia wanazopita zimeleta ugomvi miaka mingi. Sheria ya mwaka 1998 inataka taarifa siku 28 kabla, na kuna tume maalumu, Parades Commission, inayoweza kuzuia njia fulani. Uskoti pia ni siku 28, ila huko taarifa huenda kwa halmashauri pamoja na polisi.

Kaka wa Leicester, kama mtahitaji barabara ifungwe, hilo ni suala jingine: waandikieni halmashauri mapema, kwani taarifa ya polisi peke yake haifungi barabara.