Maharage na makande: mkaa, gesi au presha kuka ya umeme, kipi kinakula kidogo?

Nyumba_Tabata: Wakuu, naomba ulinganisho. Watu watano, maharage nusu kilo mara tatu kwa wiki, makande Jumamosi. Lengo ni kuachana na mkaa bila gharama kupanda. Mtungi wa gesi wa kilo 6 upo; presha kuka ya umeme ya lita 6 inafaa kuongezwa? LUKU (umeme wa kulipia kabla) ni ya bei ya kawaida, siyo ile nafuu ya wanaotumia hadi uniti 75 kwa mwezi.

FundiUmeme_Temeke: Kwa chungu cha kuchemka muda mrefu kuka inashinda kwa mbali. Imeandikwa wati 1,000 lakini haivuti hivyo muda wote: presha ikishapanda inakata, kisha inawaka kidogo kidogo yenyewe. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa inakula uniti 0.3 hadi 0.5. Elfu moja ikikupa uniti 2.8 hivi, chungu kimoja ni shilingi 110 hadi 180. Hakikisha kwenye mita yako: zima friji, andika uniti kabla na baada.

Tatizo ni ekstensheni nyembamba. Wati 1,000 ni ampia 4 na kitu, plagi iliyolegea inapata moto hadi inayeyuka. Chomeka ukutani. Na umeme ukishuka hadi volti 180, nguvu inabaki kama asilimia 60, hivyo presha inachelewa kupanda. Siyo ubovu wa kuka.

Gesi_Mbagala: Nakubali, ila mtungi ubaki kwa kukaanga, chapati na siku umeme ukikatika. Wengi wanamaliza gesi kwenye maharage kwa sababu ya moto mkali. Maji yakishachemka joto lake haliongezeki, unafukuza mvuke tu. Funika, punguza moto. Ukiona moto wa njano na masizi kwenye sufuria, matundu ya jiko yameziba; yasugue kwa brashi kavu. Wakati wa kununua dai mizani: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, jumlisha 6. Uvujaji unapimwa kwa povu la sabuni kwenye maungio ya mpira, kamwe si kwa kiberiti.

Mpishi_Magomeni: Jamani mmeruka kuloweka, na hapo ndipo nishati inapookolewa kwa jiko lolote! Loweka kwa muda wa saa 8, kisha mwaga maji. Halafu angalia maji yenyewe. Visima vingi vya Dar vina chumvi na chokaa, na chokaa inakaza ganda. Unaweza kupika saa mbili maharage yakabaki magumu ukadhani ni ya zamani. Tumia ya bomba au ya mvua. Nyanya na ndimu vingoje yaive, maana uchachu nao unachelewesha kulainika.

Kwenye kuka, maharage na maji visizidi nusu ya chungu. Kijiko cha mafuta kinapunguza povu lisizibe vali. Presha dakika 25, kisha iache ishuke yenyewe dakika 15. Ukiifungulia ghafla povu linaruka kupitia vali. Tui zito linaingia baada ya kufungua kifuniko, likipikwa kwa presha linakatika na kuungua chini.

Mti_Kisarawe: Kuhusu mkaa: kilo moja ya mkaa wa tanuru la udongo inakula kuni kilo 6 hadi 10. Kopo la mkaa linaonekana rahisi kwa sababu halionyeshi miti. Pia makaa yanayoendelea kuwaka baada ya sufuria kuepuliwa yanapotea bure. Na mvua ikinyesha tafadhalini msiingize jiko chumbani, hewa yake ya sumu haina harufu.

Nyumba_Tabata: Asanteni sana. Na kikapu cha kutunza joto, kile unachofunikia sufuria ya moto chakula kijimalizie kuiva bila jiko?

Mpishi_Magomeni: Kizuri kwa wali na kwa kumalizia makande. Maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi kwanza, ndipo yaingie kikapuni. Yana sumu ya asili ambayo joto dogo haliiondoi, yanaumiza tumbo vibaya.

FundiUmeme_Temeke: Kabla hujalipia kuka, uliza kama mpira wa kifuniko wa saizi hiyo unauzwa peke yake. Ukikakamaa mvuke unavuja, presha haipandi, na kuka inavuta umeme mfululizo. Uvue na kuuosha kila baada ya kupika, pamoja na kitundu cha vali. Maganda ya maharage hupenda kukaa humo.