1HZ imechemsha: nirudishie bolti za hedi zilezile, ninunue mpya, au nifunge stadi?

Dereva_Sakina
Wakuu, habari za mchana. Nina Land Cruiser ya watalii, mashine 1HZ, ile dizeli ya Toyota. Wiki iliyopita ilichemsha ikipanda ule mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu, tangi la akiba la maji ya kupozea likawa linatoa mapovu kama sufuria. Hedi, yaani kile kichwa cha juu cha injini, imeshashushwa. Fundi wangu anasema bolti zirudi zilezile, chuma ni chuma. Mwenye duka la spea anataka nichukue seti mpya. Na jamaa mmoja wa Kijenge ananishawishi niagize stadi (vyuma vyenye uzi, vinafungwa kwa nati juu) za kampuni ya ARP kutoka Marekani. Nimsikilize nani?

FundiUnga
Turbo unayo?

Dereva_Sakina
Sina, mkuu. Iko kama ilivyotoka kiwandani.

FundiUnga
Basi stadi sahau. Kwa pesa hiyo pima hedi kwanza kama imepinda au ina ufa. 1HZ ikichemsha sana hupasuka pale kwenye vyumba vya awali vya mwako, na hapo hata ukifunga bolti za dhahabu maji yatapita.

Kuhusu zile za zamani: bolti ya hedi ni springi. Ukiikaza inavutika kidogo, na ule mvuto ndio unaobana gasketi. Zinazokazwa kwa digrii za pembe huvutwa karibu na mwisho wa uwezo wake, nyingine hazirudi urefu wake. Zipange mezani zikiwa zimesimama, uone kama kuna iliyozidi wenzake. Kisha pitisha kalipa kwenye shingo, chini kidogo ya pale uzi unapoanzia. Iliyokonda pale itupe. Vitabu vya Toyota kwa injini kadhaa vinaruhusu kurudia bolti ambayo kipenyo chake hakijashuka chini ya kikomo, kwa hiyo fundi wako hajakosea kabisa. Kosa lake ni kusema bila kupima.

Mimi ningefunga mpya, orijino. Gari la watalii likifia Ndutu, gharama ya kulivuta inazidi seti nzima.

MamaHaisi_Moshi
Mimi si fundi, ni mwenye gari tu. Haisi yangu yenye injini ya 3L ilirudishiwa bolti za zamani, na fundi alikaza kwa bomba mpaka "mkono useme". Mwezi wa nne gasketi ikaondoka tena. Fundi wa pili alikuja na toki renchi (ile inayopima nguvu ya kukaza) na kichupa cha rangi ya kucha, nikacheka. Kumbe anaweka nukta upande wa mbele wa kila kichwa cha bolti: akizungusha digrii 90 nukta inatazama pembeni, 90 nyingine inatazama nyuma. Ambayo haijafika unaiona hapohapo.

FundiUnga
Huyo wa pili mshikilie, dada. Nguvu nyingi ya mkono inaliwa na msuguano, kwenye uzi na chini ya kichwa. Karibu sehemu moja ya kumi tu ndiyo inavuta bolti. Yenye kutu na yenye oili zinaweza kusoma namba moja kwenye renchi huku mbano ni tofauti kabisa. Ndiyo maana ya pembe. 3L ni 78 Nm kwenye renchi, halafu digrii 90, halafu 90. 1HZ inaanzia 69 Nm, kisha digrii 90 mara mbili. Usikopi namba za jirani. Anzia katikati ukitoka nje, kwa awamu.

Pasua4x4
Napinga kidogo. Yangu ina turbo na stadi, sijuti. Stadi haisokotwi: inakaa imetulia kwenye bloku, nati ndiyo inazunguka, na uzi wa bloku hausagiki kila ukifungua. Ila ingiza stadi kwa mkono tu, usiikaze chini. Na namba ya kukazia ni kwa grisi ya watengenezaji wa stadi. Ukipaka oili ya injini hesabu inabadilika. Kwa gari lisilo na turbo, sawa, FundiUnga kashinda.

BabuMajengo
Mnabishana bolti, matundu hamjayataja.

Dereva_Sakina
Shikamoo babu. Matundu yana nini?

BabuMajengo
Marahaba. Tundu lisilotoboka chini likibaki na maji au oili, bolti ikishuka inakuwa pistoni, na kimiminika hakibanwi. Nilisikia mlio mmoja tu, "ta!", kama kijiti kikavu. Nikadhani bolti imekatika. Ilikuwa bloku ya mteja, ufa wa kidole kizima, na niliilipa mimi. Pitisha tepu (kile chuma chenye uzi) ya kusafishia, si ya kukata uzi mpya, kisha puliza kwa kompresa, funika macho. Oili paka kiasi kwenye uzi na chini ya kichwa. Usimimine tunduni.

Dereva_Sakina
Nimerudi. Hedi imepimwa, haina ufa, imesagwa kidogo. Bolti nimechukua mpya. Kati ya za zamani mbili zilikuwa zimekonda shingoni, fundi kazigeuzageuza mkononi akanyamaza. Babu, tundu la pili upande wa manifodi limetoa tope la rangi ya chai ya maziwa, karibu kizibo kizima cha soda.