Naomba ushauri: seti ya senti kumi za tundu, alama za kiwanda nazo zihesabiwe?

Wakuu, habari zenu. Nakusanya senti kumi za tundu za Afrika Mashariki, za enzi ya ukoloni, zilizopita mikononi mwa watu. Mpya zinazong'aa hazinivutii.

Miaka mingi ninayo. Kinachonikwamisha ni herufi ndogo zinazoonyesha kiwanda kilichotengeneza sarafu: H na KN za Birmingham, I ya Bombay, SA ya Pretoria, na nyingine hazina herufi kabisa. Za 1936 zenye jina la Edward VIII, mfalme ambaye hata hakutawazwa, zipo za H, za KN na zisizo na alama. Mwaka mmoja, nafasi tatu kwenye albamu!

Baadhi ya zangu zimelika mno. Nimetumia kioo cha kukuzia na mwanga wa tochi kutoka ubavuni. Tarehe inasomeka, herufi haionekani. Kuzisugua sitaki, zitapoteza rangi yake.

Maswali: kwenu seti kamili ni sarafu moja kwa kila mwaka, au kila alama pia? Na hizi zilizofutika, niziweke kwenye nafasi ya "bila alama" au niiache wazi? Mimi naelekea kuiacha wazi.