Ngao ya Jamii ichezwe Uarabuni? Kwanza tuonyeshwe masharti

Mleta mada (Temeke):

Wadau, salaam.

Kuna hoja inazunguka vijiweni hapa Dar, na wanaoitoa wanaimaanisha: Ngao ya Jamii, mechi ya bingwa wa ligi na bingwa wa Kombe la Shirikisho, ipelekwe Uarabuni. Wahispania wanacheza ya kwao Saudi Arabia tangu Januari 2020, Waitaliano waliwatangulia, na klabu zao zinarudi na fedha ambazo milango ya Uwanja wa Mkapa haiwezi kuzitoa hata watu 60,000 wakijaa. Sisi tunasubiri nini?

Mimi napinga. Hela sina ugomvi nazo, na wala sisemi mechi isitoke Dar. Mwaka 2018 Ngao ilichezwa Kirumba, Mwanza, Simba na Mtibwa. Mwaka 2020 ikachezwa Sheikh Amri Abeid, Arusha, Simba na Namungo. 2023 ikaenda Mkwakwani, Tanga, na Simba wakaichukua kwa penalti mbele ya Yanga. Ninachopinga ni mechi kuuzwa kwa mwenye uwanja aliye na masharti yake, masharti hayo yakasainiwa na watu wachache ndani ya chumba, halafu shabiki akayasikia siku mechi imeshakufa.

Tazameni yaliyowapata Waturuki. Tarehe 29 Desemba 2023, Galatasaray, mabingwa wa ligi, na Fenerbahçe, walioshika kombe la nchi, walikuwa Riyadh kucheza Super Cup ya Uturuki. Ulikuwa mwaka wa kutimiza miaka 100 ya Jamhuri yao. Timu zilitaka kupasha misuli zikiwa na fulana zenye picha ya Mustafa Kemal Atatürk, mwasisi wa Jamhuri, na kuingia na bango la maneno yake kuhusu amani nyumbani na amani duniani. Hawakuelewana na wenyeji, na mechi ikaahirishwa siku hiyohiyo. Shirikisho na klabu zote mbili wakatoa tamko la pamoja kwamba kulikuwa na matatizo ya maandalizi. Wenyeji nao wakasema timu hazikufuata kanuni zilizokubaliwa.

Kanuni zipi? Zilikubaliwa lini, na nani aliweka saini? Aliyefunga safari kutoka Istanbul alikuwa na haki ya kuzisoma kabla hajatoa hela yake.

Na msidhani iliishia hapo. Mechi ilipangwa upya 7 Aprili 2024, safari hii ndani ya Uturuki, Şanlıurfa, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Istanbul. Fenerbahçe walitaka isogezwe kwa sababu ya ratiba yao ya Ulaya, na wakataka mwamuzi wa kigeni. Walipokataliwa wakapeleka vijana wa chini ya miaka 19. Icardi wa Galatasaray akafunga dakika ya kwanza, vijana wakatoka uwanjani, Galatasaray wakapewa kombe. Mechi iliyoharibikia Riyadh haikupata kuchezwa kweli mpaka leo.

Kwa hiyo swali langu ni hili. Kabla ya kujadili Ngao ichezwe Riyadh, Doha au Chamazi hapahapa Dar, je, tukubaliane kwamba masharti yote ya mechi yawekwe hadharani kabla tiketi ya kwanza haijauzwa, na atakayesababisha mechi isichezwe amlipe shabiki? Karibuni.

Mdau wa Mbagala:

Kaka, nimekusoma mpaka mwisho, lakini hela umeigusa kwa ncha ya kidole. Ukiondoa Simba, Yanga na Azam, timu zetu nyingi zinahangaika na mishahara. Mtibwa unayoitaja ilibeba Kombe la Shirikisho 2018 na baadaye ikashuka daraja. Mechi moja ya nje yenye malipo mazuri inaweza kulisha klabu ndogo msimu mzima. Masharti ya fulana na bango ni mambo ya kuzungumza, yanaisha kwa simu moja. Usitufungie mlango kwa sababu Waturuki waligombana.

Mleta mada:

Kaka wa Mbagala, klabu ndogo unayoililia ina nafasi gani humo? Kuanzia 2021 hadi 2025 hakuna mwaka Simba na Yanga hawakukutana kwenye Ngao. Hata 2024, zilipoingizwa timu nne, walikutana nusu fainali na Yanga wakashinda 1-0 kwa bao la Maxi Nzengeli. Atakayenunua mechi hii atataka hao wawili, na atawapata. Kama nia ni kuinua wadogo, iandikwe kabisa kwamba asilimia fulani inaenda kwao. Ndiyo hayo hayo ninayosema: iandikwe na isomwe.

Mdau wa Sinza:

Naomba niongeze jambo la kanuni, maana watu wengi wanaruka hapo. Sheria ya 4 ya mpira wa miguu inakataza vifaa vya mchezaji kuwa na maneno, matamko au picha za kisiasa, za kidini au za mtu binafsi. Kwa hiyo mwandaaji akikataa fulana yenye sura ya kiongozi, ana pa kushikia. Si lazima iwe chuki. Nawapenda Waturuki, ila hapo walijiweka pabaya wenyewe.

Mleta mada:

Ndugu wa Sinza, umeleta hoja nzito kuliko zote hadi sasa, na nitaijibu kwa uzito huo.

Sheria ya 4 ipo. Lakini Atatürk kwa Mturuki si mgombea wa chama fulani. Jiulize sisi. Chukulia Ngao inachezwa nje, ni wiki ya 14 Oktoba, na timu zetu zinataka kupasha misuli na fulana za Mwalimu Nyerere. Mwenye uwanja anasema haiwezekani. Kapteni wa Yanga na kapteni wa Simba wafanye nini? Wakivua, huku nyumbani hawatasikilizwa tena. Wakigoma, wamevunja mkataba. Wachezaji wa miaka 22 wanawekwa kwenye mtego uliotegwa na watu waliovaa suti miezi mitatu nyuma.

Mimi nisingewalaumu wakigoma, na nasema hivyo wazi. Ila ningemlaumu aliyesaini bila kuwauliza, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na muda. Kama mwenye uwanja hataki picha yoyote, aseme Julai, ijulikane Julai, na klabu iamue Julai kwenda au kutokwenda. Ugomvi wa mezani miezi mitatu kabla unaumiza watu watano. Ugomvi huohuo saa mbili kabla ya filimbi unaumiza jukwaa zima.

Shabiki wa Jangwani (Ubungo):

Mnaenda mbali Riyadh wakati mfano uko hapa Temeke. 8 Mei 2021. Mechi ya Simba na Yanga imepangwa saa 11 jioni, siku ya mechi yenyewe watu wanaambiwa ni saa 1 usiku. Kanuni inataka taarifa ya mabadiliko saa 24 kabla. Yanga walifika muda wa kikanuni, wakaondoka. Walikosea nini? Ilipochezwa 3 Julai tukashinda 1-0, Zawadi Mauya. Klabu ina haki ya kukataa kuyumbishwa.

Shabiki wa Msimbazi (Ilala):

Ukisema 2021, sema na 2025, mtani. Usiku wa 7 Machi Simba walikwenda Mkapa kufanya mazoezi ya mwisho kabla ya mechi na Yanga kesho yake, kama kanuni inavyomruhusu timu mgeni, wakazuiwa getini. Walisema hawachezi, na walikuwa na kanuni mkononi kama ninyi 2021. Haki ya kugoma isiwe ya Jangwani peke yao.

Shabiki wa Jangwani (Ubungo):

Tofauti ni kwamba 8 Machi sisi tulikuja uwanjani. Mechi iliahirishwa na Bodi ya Ligi wakati timu yetu iko tayari.

Mleta mada:

Watani, simameni hapo kidogo, maana mmeniandikia hoja yangu bila kujua.

2021 Yanga walikuwa na kifungu. 2025 Simba walikuwa na kifungu. Kila mmoja alijua kanuni yake kwa moyo. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyetaja kifungu kinachomhusu mtu wa mzunguko, wa viti vya bei ya chini, aliyetoka Morogoro kwa basi la alfajiri. Sakata la 2025 lilipanda mpaka CAS, mahakama ya kimataifa ya usuluhishi wa michezo, Yanga wakaambiwa wamalize kwanza njia za ndani. Tarehe ikasogezwa hadi Juni, mwenyekiti wa Bodi ya Ligi akaachia ngazi, na hatimaye 25 Juni mpira ukachezwa, Yanga 2-0. Miezi mitatu na nusu ya barua, mahakama na matamko. Humo ndani pointi zilijadiliwa, heshima ya klabu ikajadiliwa, mamlaka ya Bodi yakajadiliwa. Fidia ya aliyekuwa jukwaani ilizungumzwa na nani kwa sauti hiyo?

Na hapo uwanja ni wetu, Bodi ni yetu, waamuzi ni wetu, na kanuni zimeandikwa kwa Kiswahili. Sasa ongeza mwenyeji wa nchi nyingine, mkataba wa lugha nyingine, na sheria za nchi ambayo wewe ni mgeni. Tatizo ambalo hatujalimaliza Temeke tutalimalizia Riyadh?

Kwa haki ya klabu kukataa, mimi niko na ninyi wote wawili. Timu iliyonyimwa kitu ilichoahidiwa kwa maandishi isilazimishwe kucheza kwa kutishiwa. Lakini haki hiyo iambatane na wajibu. Anayekataa atoe sababu kwa maandishi kabla milango haijafunguliwa, kamishna wa mechi aipokee, na itangazwe saa ileile. Sio watu wanakaa juani na kusoma fununu kwenye simu.

Dada wa Chang’ombe:

Naomba na mimi niseme maana mnazungumza tiketi tu. Mimi nauza jezi na vitambaa nje ya uwanja, wenzangu wanauza maji, mihogo na mishikaki. Mechi kubwa kama hizi tunachukua mzigo kwa mali kauli, tunalipa baada ya mechi. Mechi ikiahirishwa mchana, mzigo umeshalala pale, chakula kinaharibika, mwenye mali anataka hela yake jioni hiyohiyo. Mwenye tiketi ya 5,000 anaweza kurudishiwa, jina lake liko kwenye mfumo. Mimi siko kwenye mfumo wowote. Ngao ikienda Uarabuni siku nzima ya kazi yangu imeondoka, hata ikichezwa vizuri. Sijasikia mtu yeyote hapo juu akinihesabu.

Mleta mada:

Dada, ni kweli, sikukuhesabu, na hakuna kanuni ya ligi inayokuhesabu. Sina jibu rahisi la fidia ya mfanyabiashara wa nje ya geti, kwa sababu itabidi kwanza atambuliwe na mtu: manispaa, uongozi wa uwanja au wote wawili. Lakini tangazo la mapema linakusaidia wewe kuliko mwenye tiketi. Ukijua asubuhi, huchukui mzigo.

Mdau wa Sinza:

Hapo kwenye tangazo la mapema nakuunga mkono. Ila kumlipisha “atakayesababisha” ni kugumu kisheria. Riyadh nani alisababisha? Timu, shirikisho, au mwenyeji? Mtabishana miaka miwili na shabiki hajapata kitu.

Mleta mada:

Sahihi, ndiyo maana shabiki asisubiri. Aliyekusanya hela ya tiketi ndiye airudishe ndani ya siku saba, iwe alisababisha au hakusababisha. Baada ya hapo yeye na klabu na mwenyeji wakamatane wenyewe, hata waende CAS. Tiketi zinapita kwenye kadi na simu, kila muamala una kumbukumbu. Hela iliyoingia kwa njia hiyo inaweza kutoka kwa njia hiyohiyo. Kumwambia mtu aliyetoka Mbeya kwamba tiketi yake itatumika tarehe itakayotangazwa si kumlipa.

Shabiki wa Msimbazi (Ilala):

Siku saba naafiki. Na nauli?

Mleta mada:

Nauli ningependa, ila nikiidai leo tutakosa vyote. Tuanze na tiketi.

Mdau wa Mbagala:

Mimi bado nataka Ngao iende nje siku moja, sijabadilika. Vijana wetu waonekane, klabu zipate. Lakini nakubali masharti yatangazwe kabla, na hilo la siku saba. Ukiweka hayo, utaniunga mkono kuipeleka?

Mleta mada:

Kaka, ukiniwekea mkataba mezani nikausoma: nani anaamua jezi na mabango, nani anateua waamuzi, timu mgeni inafanya mazoezi saa ngapi, saa ya mechi inabadilishwa na nani na mwisho lini, klabu za chini zinapata kiasi gani, na tiketi inarudishwaje, nitaacha kupinga. Nitaumia kuikosa kwa Mkapa, lakini sitapinga.

Wa Jangwani na wa Msimbazi, ombi langu kwenu ni moja. Matawi yenu yana sauti kwenye mikutano mikuu ya klabu kuliko mimi. Kanuni za ligi hupitiwa kabla ya msimu mpya. Pelekeni hili la siku saba kama ajenda ya matawi, pande zote mbili, kwa maneno yaleyale. Nani yuko tayari kuliandika?

Shabiki wa Jangwani (Ubungo):

Naandika mimi. Mtani wa Ilala anisahihishie.